Uwanja Ulipokuwa Mtupu, Nani Aliilisha Timu?

Huenda mama mmoja akiona kichwa cha makala hii atafunua ukurasa na kutafuta mapishi. Mpira, atasema, ni mambo ya baba na vijana, mimi unanihusu nini? Namwomba asubiri kidogo. Jezi zile zenye matope za Jumapili jioni hufuliwa na nani? Kijana anayerudi kutoka mazoezini giza limeingia, ana njaa kali, chakula chake hutoka katika sufuria ya nani? Na timu inapokosa nauli ya kwenda kucheza ugenini, ni nani anayeombwa, "Mama, nisaidie elfu mbili tu, nitakurudishia"?

Mpira wa timu kubwa huendeshwa na fedha za matangazo na wadhamini. Mpira wa timu ndogo huendeshwa na nyumba. Jambo hili lilikuwapo siku zote, lakini hatukuliona vizuri mpaka ulipokuja ugonjwa wa korona na viwanja vikabaki vitupu. Hapo ndipo ilipojulikana timu ipi ilikuwa na mizizi na ipi ilikuwa imesimikwa tu juu ya mchanga. Ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana lina mafundisho hata kwa yule ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani.

SIKU MPIRA ULIPOSIMAMA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake, tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko, na michezo ikiwamo. Ligi Kuu, Ligi Daraja la Kwanza, Daraja la Pili na mashindano ya ngazi za chini yote yalisimama. Agizo la kwanza lilikuwa la siku 30, lakini siku hizo zikaongezeka. Mwezi Mei Rais John Magufuli akatangaza kwamba michezo ingeruhusiwa kuanzia tarehe 1 Juni, na Ligi Kuu ikarejea uwanjani tarehe 13 Juni 2020. Kwa hiyo kwa karibu miezi mitatu hapakuwa na mechi, hapakuwa na kiingilio, na hapakuwa na shilingi iliyopita mlangoni.

Kama muuguzi, sina budi kusema kwamba kusimamishwa huko kulikuwa na sababu. Ugonjwa huu huenezwa na pumzi na matone ya mate. Watu wanaposimama bega kwa bega, wakapiga kelele, wakakumbatiana bao linapoingia, na wakarudi wote katika basi moja dogo, kirusi hakihitaji msaada zaidi. Uwanja uko wazi na upepo unapita, hilo ni kweli, na ni afadhali kuliko chumba kilichofungwa madirisha. Lakini safari ya kwenda na kurudi, na banda la kutazamia televisheni, hayana upepo huo.

Majirani zetu walipita njia mbalimbali. Burundi, ambayo kutoka hapa Ngara ni ng'ambo tu ya mpaka, iliendelea kucheza ligi yake na watazamaji wakiwapo hata dunia karibu yote ilipokuwa imesimama, nayo ikasimamisha mwezi Aprili 2020. Kenya na Uganda zilimaliza msimu wa 2019/20 kabla ya mechi zote kuchezwa, na ubingwa wakapewa Gor Mahia na Vipers. Ligi za nchi hizo mbili ziliporejea mwishoni mwa mwaka 2020, zilirejea bila watazamaji. Timu zilicheza, marefa walipuliza filimbi, lakini majukwaa yalikuwa matupu. Na tarehe 26 Machi 2021 Kenya ikasimamisha tena michezo. Sisi Tanzania tulipata nafuu ya kurudi uwanjani mapema, na watazamaji wakaruhusiwa kwa masharti. Hata hivyo miezi ile mitatu ilitosha kufunua mengi.

FEDHA YA TIMU NDOGO HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba timu hupata fedha kwa kiingilio tu. Ukweli ni kwamba kiingilio hukatwa mara nyingi kabla ya kuifikia timu. Kuna kodi ya ongezeko la thamani, kuna gharama za uwanja, za waamuzi, za ulinzi, na mgao wa chama cha soka. Kinachobaki ndicho cha timu. Kama watazamaji walikuwa wachache, kinachobaki hakitoshi hata mafuta ya basi.

Basi timu zetu za Tanzania tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni timu zenye mgongo wa kuegemea. Ziko za majeshi, kama vile Prisons, JKT Tanzania na Ruvu Shooting. Ziko za viwanda na makampuni, kama Mtibwa Sugar, Azam, na Kagera Sugar ya hapa kwetu mkoani, inayotumia uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Ziko za halmashauri, kama KMC ya Kinondoni na Mbeya City. Timu ya namna hii, hata kama hapana hata mtu mmoja jukwaani, mchezaji wake ana mahali pa kulala, na mwajiri wake yupo.

Fungu la pili ni timu za wananchi zilizopanda juu kwa juhudi za mji au mkoa. Hizi hutegemea mfadhili mmoja au wawili, michango ya wapenzi, na mlango. Mfadhili akichoka, timu inayumba. Mlango ukifungwa, timu inalala njaa.

Fungu la tatu ni timu zetu hizi za kata na vijiji, hapa Kibimba na kwingineko Ngara na Biharamulo. Uwanja wake hauna ukuta wala lango. Watu husimama kuzunguka mstari, watoto wakikaa mbele kwenye majani. Kiingilio hakipo. Lakini usidhani kwamba watazamaji hawana kazi ya fedha. Kofia hupitishwa mapumzikoni, na kila mtu hutia alichonacho. Mwenye duka akiona umati anaahidi mpira mpya. Diwani au mgombea akiona umati anatoa jezi, au anaanzisha kombe ambalo mshindi hupata mbuzi au ng'ombe. Na pembeni akina mama huuza karanga, mandazi, ndizi na chai. Umati ukikosekana, kofia haipiti, ahadi hazitolewi, na yule mama aliyekaanga mandazi anarudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo usemi kwamba timu ndogo hazikuathirika kwa sababu hazina kiingilio si wa kweli. Mtazamaji wa kijijini halipi mlangoni, lakini yeye ndiye benki ya timu.

FAINALI TATU, TIMU TATU

Nataka nikuonyeshe jambo moja ambalo lilinishangaza nilipolipanga pamoja. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Mwaka 2018 Singida United ilifika fainali hiyo hiyo, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali, ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Timu tatu za fungu la pili, miaka mitatu mfululizo, zilikaribia kombe la taifa. Mikoa yao ilisherehekea.

Msimu wa 2019/20, msimu wa korona, timu tano zilishuka kutoka Ligi Kuu. Zilikuwa Singida United, Lipuli, Ndanda ya Mtwara, Alliance ya Mwanza, na Mbao iliyoshuka kwa kushindwa na Ihefu katika mechi za mchujo. Yaani zile tatu zote za fainali zilikuwamo. Na katika hizo tano hapana hata moja ya jeshi, wala ya kiwanda, wala ya halmashauri.

Sisemi kwamba korona peke yake iliziangusha. Singida United ilikuwa na taabu ya fedha kabla ya hapo, na timu hushuka kwa sababu nyingi, nyingine za uwanjani. Lakini ugonjwa haumwangushi sana mtu aliyekula vizuri na kulala vizuri. Humwangusha aliyekwisha dhoofu. Wauguzi tunaliona hili kila siku wodini. Timu isiyo na akiba ni kama mwili usio na damu ya kutosha. Homa ndogo inayompita mwingine, yeye inamlaza kitandani.

MZIGO UKARUDI NYUMBANI

Mwishoni mwa Machi 2020 hata Barcelona ya Hispania, moja ya klabu tajiri kuliko zote duniani, iliwapunguzia wachezaji wake mishahara kwa asilimia 70. Mchezaji wa Barcelona akipunguziwa hivyo bado ana nyumba na chakula. Je, yule wa Daraja la Pili anayelipwa posho ya mechi? Mechi isipokuwapo, posho haipo. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Wameahidiwa kwa mdomo, na ahadi ya mdomo haina mahali pa kudaiwa.

Kijana wa namna hii kambi inapovunjwa hurudi kwa mama yake, au kwa mke wake mchanga mwenye mtoto mgongoni. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kichwa cha makala hii. Uwanja ulipokuwa mtupu, timu iliyalishwa na mashamba ya ndizi na maharage, na mitaji midogo ya akina mama, na wachezaji walioshika jembe au kukodi bodaboda. Hakuna kitabu cha hesabu cha klabu kilichoandika mchango huo. Hakuna kiongozi aliyesimama kwenye kikao na kusema, "Tunawashukuru akina mama kwa kuwatunza wachezaji wetu miezi mitatu." Lakini timu iliporudi uwanjani Juni, wachezaji walikuwapo, wana nguvu, kwa sababu kuna mtu aliwapikia.

Tena kuna mzigo mwingine uliofichika. Kijana asiye na kazi wala mazoezi hukaa bure, na kukaa bure kuna rafiki zake. Pombe za kienyeji, kamari za mechi za mbali, na mahusiano yasiyo na mpango. Sisi tunaofanya kazi katika vituo vya afya tunajua kwamba kipindi ambacho vijana hawana la kufanya, matunda yake huonekana kliniki baada ya miezi kadhaa. Timu ya kijiji, hata ikiwa haina kombe hata moja kabatini, ina kazi ya malezi. Ikifa, kazi hiyo inarudi kwa wazazi peke yao.

WENZETU WALIFANYAJE?

Tutoke kidogo nje ya mipaka yetu, tuone timu ndogo za nchi nyingine zilivyojiokoa, maana taabu hii ilikuwa ya dunia nzima.

Ujerumani kuna klabu ya mji wa Leipzig iitwayo Lokomotive, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la nne. Mwezi Mei 2020 iliuza tiketi za mechi isiyokuwapo. Hapakuwa na mpinzani, hapakuwa na mpira, na kila mtu alijua hivyo. Tiketi moja iliuzwa kwa euro 1. Walinunua watu mpaka tiketi zikapita 180,000, idadi kubwa kuliko watazamaji wowote waliowahi kuingia uwanjani kuitazama timu hiyo.

Uingereza kuna klabu ndogo iitwayo Marine, ya daraja la nane, karibu na Liverpool. Tarehe 10 Januari 2021 ilipangiwa kucheza nyumbani na Tottenham katika Kombe la FA. Kwa klabu ndogo, siku kama hiyo ni mavuno ya miaka mingi, lakini watazamaji walikuwa wamekatazwa. Marine wakauza tiketi za kutazamia nyumbani kwa paundi 10 kila moja, wakitumaini kupata japo kidogo. Zilinunuliwa zaidi ya 30,000, nyingi na wapenzi wa Tottenham wenyewe, ambao timu yao ilishinda mabao 5 kwa 0. Fedha ile iliwavusha.

Lakini wengine hawakuvuka. Macclesfield Town, klabu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1874, ilifungwa na mahakama mwezi Septemba 2020 kwa sababu ya madeni. Karibu miaka 150 ya historia iliishia katika chumba cha hakimu. Nayo pia ilikuwa na madeni kabla ya korona. Na mwezi Desemba mwaka huo huo vilabu vikubwa vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubali kutoa paundi milioni 250 kuvisaidia vya madaraja ya chini, nyingi zikiwa mkopo.

Tazama, msomaji, jinsi Leipzig na Marine walivyosaidiwa. Hawakumsubiri tajiri mmoja. Waliomba kitu kidogo kwa watu wengi, wakasema wazi fedha ni ya nini, na watu wakatoa bila kuonyeshwa kitu. Mtu ambaye alitia euro 1 kwa mechi isiyokuwapo hakununua burudani. Alisema tu, "Nataka muwepo kesho." Sisi tusomao Injili tunamkumbuka mjane wa hekaluni na sarafu zake mbili. Hakuangaliwa ukubwa wa alichotoa.

MSAADA WA KUTOKA JUU

Msaada wa kutoka juu ulikuwapo pia. Mwezi Aprili 2020 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilitangaza dola milioni 10.8 kwa vyama 54 vya nchi wanachama. Baadaye mwaka huo FIFA ilipanga kutoa dola milioni 1 kwa kila chama cha nchi, na dola 500,000 nyingine kwa ajili ya soka ya wanawake. Jambo hili la mwisho lilitupa moyo sisi akina mama, kwa sababu mabinti zetu wanaocheza mpira wamekuwa wakipata makombo baada ya kaka zao kushiba.

Lakini hesabu ngazi. Kutoka FIFA hadi chama cha nchi, kutoka hapo chama cha mkoa, kisha chama cha wilaya, ndipo klabu, na ndipo mchezaji. Maji yanayopita katika mifereji mingi hivyo, hata kama hakuna anayeyaiba, hukauka njiani kwa kazi za kila ngazi. Vivyo hivyo fedha za televisheni. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwa soka ya Tanzania. Lakini kamera za televisheni haziji kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini, na timu ya kata isitegemee kuishi kwa fedha hizo. Itaishi kwa watu wake.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Sasa tufike kwenye jambo ambalo akina mama tunalijua kuliko viongozi wengi wa mpira. Karibu kila kijiji kina kikoba. Tunakutana kila wiki, tunanunua hisa, tunaandika katika daftari, na fedha inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mmoja hawezi kufungua peke yake. Kuna na mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kwa nini timu ya mpira isiendeshwe hivyo?

Tuseme timu ina wapenzi 30 tu, na kila mmoja anatoa Sh. 500 kwa wiki. Hiyo ni Sh. 15,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 za mwaka ni Sh. 780,000. Si utajiri, lakini ni mipira, ni nauli, ni dawa, na ni akiba ya siku mbaya. Tena fedha hii haitegemei kama kuna mechi au hakuna. Mlango ukifungwa, sanduku halifungwi. Na iwe kanuni kwamba sehemu moja katika tano haiguswi mpaka siku ya dhiki, kama Yusufu alivyowaambia Wamisri kuweka nafaka wakati wa miaka ya shibe. Sh. 780,000 ukitoa sehemu hiyo ya tano, unaweka Sh. 156,000 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu una Sh. 468,000. Timu yenye kiasi hicho inaweza kukaa miezi mitatu bila mechi, ikawapa unga na maharage wachezaji wake wasio na kwao, na isivunjike.

Mama ambaye mwanawe anachezea timu yoyote, au anataka kusajiliwa, namshauri aulize maswali haya bila aibu:

Kwanza, je, kuna mkataba wa maandishi? Hata ukurasa mmoja wenye saini mbili ni bora kuliko maneno matamu ya masaa mawili.

Pili, daftari la hesabu liko wapi, na lilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wanachama? Timu isiyosoma hesabu hadharani ina kitu inachoficha, au haijui kuandika. Yote mawili ni hatari.

Tatu, timu inategemea watu wangapi? Ikiwa jibu ni "tunaye mheshimiwa fulani," basi ujue timu hiyo itaishi muda ule ule ambao mheshimiwa huyo atakuwa na hamu nayo.

Nne, mwanangu akivunjika mguu, nani atalipa?

MGUU ULIOVUNJIKA

Swali hilo la nne naomba nilikalie kidogo kwa sababu ya kazi yangu. Sisi wauguzi tunawapokea vijana walioumia goti au kifundo cha mguu uwanjani. Mara nyingi huja wamechelewa, wamekwisha kukandwa na kuvutwa, kwa sababu timu haikuwa na nauli ya kuwaleta. Waliombeba kutoka uwanjani walikuwa wengi, wakiimba jina lake. Aliyekaa naye kitandani ni mama yake.

Mchezaji akiumia, gharama ya timu huhamia nyumbani. Wakati wa janga jambo hili lilizidi, kwa kuwa hapakuwa na kofia ya kupitisha. Kwa hiyo bima si anasa. Katika miaka ile, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulichangiwa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Timu inayoweza kununua jezi mpya ingeweza kuhakikisha kwanza kwamba kila mchezaji anatoka katika kaya yenye bima. Jezi huchakaa. Mguu uliounganishwa vibaya hubaki hivyo maisha yote.

Na kila uwanja uwe na sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, plasta, mkasi, glavu, maji safi na sabuni. Mchezaji aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu japo kidogo atolewe nje na asirudi siku hiyo, hata kama timu imefungwa. Ndoo ya maji ya kunawa tuliyoizoea wakati wa korona isirudishwe stoo.

HAITAKUWA MARA YA MWISHO

Yupo atakayesema, "Korona imepita, kwa nini kulifukua jambo hili?" Ni kweli kwamba mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Lakini sisi wa Kagera hatuna ruhusa ya kusahau. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Wilaya ya Bukoba, watu 6 wakafariki, na mfanyakazi wa afya akiwa miongoni mwao. Mwezi Januari 2025 Marburg ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo, jirani zetu kabisa, na kabla haijatangazwa kuwa imekwisha mwezi Machi ilihesabiwa vifo 10, viwili vikiwa vya waliothibitishwa kwa vipimo na vinane vya waliodhaniwa. Ugonjwa ule huenezwa kwa kugusana na majimaji ya mwili. Jasho na damu ni vitu vya kawaida katika mchezo wa mpira. Mlipuko mwingine ukija, la kwanza kusimama litakuwa mkusanyiko, na uwanja utakuwa mtupu tena.

Kwa hiyo wakati wa kujenga akiba ni sasa, watu wanapojaa pembeni ya mstari na kofia inapopita.

Kanisa nalo lina nafasi yake. Mwaka 2020 viwanja vilipofungwa, nyumba za ibada nchini hazikufungwa. Vijana walikuwa bado wanafika kwetu Jumapili. Idara za akina mama na vijana zinaweza kujua ni mchezaji yupi amerudi nyumbani bila kitu, na ni mke yupi mchanga anayeficha njaa kwa kuwa mumewe anajulikana kijijini kama nyota. Katika kitabu cha Matendo, sura ya 6, tunasoma jinsi wajane walivyosahaulika katika mgawo wa kila siku, na kanisa halikulihubiria tatizo hilo tu. Liliteua watu saba waaminifu wasimamie. Wema bila utaratibu humsahau mtu yule yule kila siku.

Mama mpendwa, safari ijayo timu ya kijiji itakapokuja kuomba mchango, usifunge mlango, wala usitoe tu ili waondoke. Toa ulichonacho, kisha uliza daftari liko wapi. Ukijibiwa kwamba halipo, jitolee kuliandika wewe. Mikono iliyoweza kulea kikoba kwa kufuli tatu inaweza kulea na timu.